Nchi ya Balidi

Mhariri alimsogezea mwandishi rundo la karatasi, uso ukimng'aa kama mtu aliyemaliza kufua nguo za ukoo mzima.

"Dada, riwaya ni moto! Ila hiyo 'Balidi' yako imenitoa jasho. Nimeisahihisha kila mahali. Sasa ni Nchi ya Baridi."

Mwandishi akafunua. Ukurasa baada ya ukurasa, herufi l imekatwa kwa wino mwekundu, r imeikalia kichwani.

Nchi hiyo ilianzia chini ya blanketi, mwanawe akitetemeka kwa homa. "Mama, balidi."

Akamtania: "Balidi? Nchi hiyo iko wapi?"

Mtoto akacheka. "Hapa hapa. Mfalme wake nani?"

Akambunia mfalme ili apate usingizi. Mtoto akalala moja kwa moja. Mfalme hakulala, miaka nenda miaka rudi akapata mito, majeshi, majoka yenye mabawa, hata wajukuu.

"Dada, kwani nimekosea?"

Mwandishi akaichukua ile kalamu nyekundu, akaanza kuzirudisha l, moja moja.

"Hakufikia umri wa kusema r," alisema.

"Nani? Mfalme?"