Kitufe Chini ya Kiti

Fundi Mwanahawa alimaliza kuunga rimoti ya gari. Milango yote minne ilifunguka kwa mlio mmoja.

“Sasa kata waya wa kufungulia mlango kwa ndani, huku anakokaa mke wangu,” mwenye gari aliagiza. “Atashuka nikitaka mimi.”

“Gari likishika moto je, kaka?”

“Kwani wewe fundi au zimamoto?”

Mkewe, aliyeketi mbele, aliinamisha uso uliovimba. Mwanahawa aliukata waya. Mume alipogeuka kupokea simu, Mwanahawa aliuunga kwenye kitufe alichokificha chini ya kiti, akaushika mkono wa yule mwanamke na kuuweka juu ya kitufe hicho.

“Ukibonyeza, mlango unafunguka,” alinong’ona.

Gari likaondoka. Kwenye tuta la kwanza lilipunguza mwendo, lakini mwanamke hakubonyeza; mkono wake ulibaki chini ya kiti. Mbele, karibu na soko, kulikuwa na tuta jingine.