Kifo cha Bibiche

Kwa mara ya sita Haruka Mizushima alimuua Bibiche, na kwa mara ya sita akafuta ukurasa mzima. Msichana hakukubali kufa. Kila sentensi ya mwisho ilipokamilika, Haruka alihisi mtu amesimama nyuma ya kiti chake, anapumua taratibu, anasubiri.

Mwaka ule, 2007, alikuwa na miaka ishirini na sita. Akiwa na ishirini na moja, mwanafunzi wa Kiswahili huko Osaka, alitunga riwaya fupi kuhusu nyumba ya bibi yake, ikapata tuzo ya waandishi wapya. Picha yake ilitoka magazetini. Mama yake aligawa nakala kwa majirani wote. Kisha ikapita miaka mitano bila hata sura moja. Alimfuata kaka yake Houston, Marekani, akitumaini kwamba mahali asipojulikana patamrudishia maneno.

Maneno aliyakuta Gulfton, mtaa wa wahamiaji jijini humo, kwenye chumba cha mashine za kufulia.

"Shikamoo," alimwamkia mwanamke aliyekuwa akikunja shuka.

Mwanamke alicheka mpaka akaegemea mashine. "Mungu wangu! Muchina anasema Kiswahili ya redio!"

"Mimi Mjapani, mama."

"Ni sawa tu. Shika huku, tukunje."

Alijitambulisha kuwa mjane kutoka Uvira, Kongo, aliyekaa miaka mingi kambini Kigoma. Kitambulisho cha ghalani alikofanya kazi zamu ya jioni kilisema Anastasie, lakini pale kwenye majengo kila mtu alimwita Mama Lévi, kwa jina la mtoto wa kwanza. Alisema ana miaka thelathini na tisa. Haruka alimwona kama rika lake, akaihusudu ngozi yake.

Kila mchana, watoto, Lévi na Élodie, wakiwa shuleni, Mama Lévi alisimulia na Haruka akaandika. Habari zote zilikuwa za mdogo wake, Bibiche. Vita vilipofika, Bibiche, msichana wa miaka kumi na sita, alijificha siku tatu peke yake katika shamba la mihogo. Kikohozi kilimbana askari wakiwa hatua kumi tu. Akauma kitambaa chake cha kichwa, kikampa ladha ya sabuni. Alipomfikia dada yake kambini alikuwa bubu. Hakusema neno kwa mtu yeyote. Siku ya tisa kipindupindu kikamchukua.

"Ndipo wewe na watoto mkaja huku," Haruka alisema.

"Tulikuya nyuma ya miaka mingi. Banaita majina kwenye kadi ya familia: mama, mutoto, mutoto. Kama mama hayuko, watoto banagawanywa. Huyu huku, mwingine kule." Akautazama mlango kana kwamba kuna mtu angebisha. "Andika ya Bibiche. Yangu acha."

Ndani ya miezi mitatu Haruka aliandika kurasa mia mbili. Alizipeleka Tokyo kwa mhariri wake, Bwana Okuda, akangoja wiki nzima bila kula vizuri.

"Ni bora kuliko kitabu chako cha kwanza," mhariri alijibu. "Ila Bibiche alikuwa peke yake shambani, kisha akafa bila kusema. Ile sabuni, nani aliijua ladha yake? Nataka jibu Jumatatu. La sivyo tunakitoa kwenye orodha, na sidhani kama nitaweza kukutetea tena hapa."

Haruka alimwuliza Mama Lévi.

"Ananiambia mwenyewe."

"Lini?"

"Kila siku. Nikipika, nikioga. Hanyamazi."

Haruka alimwamini mara moja. Si naye alikuwa akisikia pumzi nyuma ya kiti? Bwana Okuda hakuamini. "Mzimu si jibu," aliandika. "Mzimu ni mwandishi aliyechoka."

Ijumaa mchana Haruka alibisha mlango wa Mama Lévi akiwa amebeba bakuli dogo la wali mweupe na vijiti vya ubani. Kwao, huko Toyama, picha ya marehemu huwekewa wali na ubani, na aliye hai hupiga magoti akazungumza naye.

"Nataka kumwomba ruhusa," alisema. "Nipe picha ya marehemu."

"Picha ya nini tena? Umeandika, inatosha."

"Siwezi kuuza kifo cha mtu ambaye sijamwomba radhi. Akikataa, nitakichoma kitabu chote. Kweli, mama."

Mama Lévi alimtazama. Macho ya yule binti yalikuwa mekundu, alikuwa hajalala.

"Kile kitabu, watu wa ofisi ya wakimbizi batakisoma?"

"Ni Kijapani. Hapa hakuna atakayekisoma."

"Apa."

"Naapa kwa bibi yangu."

Mama Lévi aliingia chumbani. Alikaa huko hata Haruka akafikiri amekataa. Alipotoka alikuwa na picha iliyofungwa ndani ya nailoni. Hakumpa mkononi, aliiegemeza ukutani yeye mwenyewe, juu ya meza ndogo, akarudi nyuma.

Pichani, mbele ya hema, alisimama mwanamke mrefu, mtoto mchanga mgongoni, akicheka na aliyempiga picha. Haruka alikuwa amemwazia mwembamba, mdogo. Hakujali. Aliweka wali, akawasha ubani, akapiga magoti mpaka paji la uso likagusa zulia.

"Bibiche," alisema, "nisamehe. Nimekuua mara sita."

Nyuma yake aliisikia ile pumzi, taratibu, kama kila siku. Kisha mkono ukamshika bega, wa moto.

"Huyo ni dada yangu, Anastasie, mama ya Lévi," alinong'ona Mama Lévi. "Bibiche ni miye."