Toa Kiini Kwanza

Tone la mate lilitua kwenye mkono wa koti la Yasue. Alilifuta kwa leso, kisha akaitupa leso yenyewe chini ya kiti.

Ulingoni, kwenye onyesho la mieleka ya wanawake, mwanamke aliyejipaka uso mzima rangi nyeusi, anayejiita Nge, alikuwa akimburuta msichana kwa nywele kama anayefagia kwa ufagio. Watu wa Osaka walicheka huku wakitafuna vitumbua vya pweza.

Msichana yule alikuwa Minori, binti pekee wa Yasue.

"Njoo unione mara moja tu, mama," Minori alikuwa amemwambia kwenye simu. "Ukichukia, narudi nyumbani Akita."

Yasue alikuwa amekwisha kuchukia. Alichukia jasho, mchuzi, kelele. Alichukia hata mikono ya mama mfupi wa kiti cha pembeni yake, iliyonuka dawa ya kuchua mpaka kichwa kikamuuma.

Mama huyo ndiye aliyempokea alipofika, kabla pambano halijaanza.

"Mara ya kwanza, eh? Nani wako?"

"Minori. Ni mwanangu."

"Loo! Basi shika." Alimpa utepe wa karatasi ya waridi, umeviringwa. "Rangi yake hiyo. Akitajwa jina, unamrushia. Ila toa kiini kwanza, hicho cha katikati. Kigumu kile, kinaumiza."

Jina lilipotajwa, tepe za waridi zilimwagika ulingoni kama mvua. Wa Yasue ulibaki kiganjani. Angeshangiliaje uchafu huu?

Sasa Nge alikuwa akimkanyaga Minori mgongoni.

"Nyang'au we!" mama mfupi alipiga kelele, sauti imemkauka. "Huna haya! Hata aliyekuzaa anajificha!"

Nge akageuka, akamtolea ulimi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mzomee na wewe, mama Minori! Siku Nge akikosa kuzomewa, hana kazi."

"Mimi sizomei wanyama," Yasue alisema.

Minori alijikokota, akasimama, akamchapa Nge kiwiko begani. Ukumbi ukalipuka. Mama mfupi peke yake ndiye aliyenyamaza. Alifumba macho.

Halafu Nge akamnyanyua Minori juu, akambwaga. Mwamuzi alipiga sakafu mara tatu, kwisha. Nge akapangusia viatu vyake kwenye nywele za aliyeshindwa, akatema maji hewani, akashuka katikati ya watu huku akipiga viti mateke.

Minori alikuwa bado amelala chali.

Nge alikuwa anakuja upande wao, ananuka jasho na rangi, anabweka. Yasue akasimama. Utepe ulikuwa mkononi, kiini chake kigumu bado kimo ndani. Akauinua, akalenga ule uso mweusi.

Mkono wenye harufu ya dawa ukamdaka kifundo cha mkono.

"Toa kiini, mama Minori," yule mama alinong'ona, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Bega la Nge bado bichi. Nimelikanda mwenyewe asubuhi, na yeye analia tu: 'Mama, leo nampiga mtoto wa watu, na mama yake anakuja. Nenda ukae naye, asiwe peke yake.'"