Tusali Kwanza

Kasiano, katibu wa shirika la misaada la kanisa, bado alikuwa anasikia makofi ya jana. Alisimama mbele ya wakuu wa mji akasema kanisa linataka wakimbizi wapewe makazi kwa haki, bila mtu kuulizwa dini yake, na ukumbi mzima ukamshangilia.

Leo alikuwa akiwahoji wakimbizi wenyewe. Mama mmoja aliingia, akaketi, na Kasiano akainamisha kichwa kama alivyozoea.

"Tusali kwanza, mama."

Mama yule akafanya ishara ya msalaba, akaanzia tumboni, akapanda hadi kwenye paji la uso. Kisha akaisoma Baba Yetu yote bila kukwama, mbio mbio, kama mtoto anayeogopa fimbo. Mtandio wake ulikuwa mapajani, umekunjwa mdogo kama leso.

"Mama," Kasiano akasema taratibu, "hapa hatuangalii dini ya mtu."

"Ndivyo tulivyoambiwa, baba." Hakuinua macho. "Lakini kila anayeingia unamwambia asali kwanza. Na mtu ana watoto."

Uso wa Kasiano ukawaka. Akamwomba ajifunge mtandio wake. Mama akautazama, akamtazama na yeye, asijue kama huo nao ni mtihani.

Kasiano akaenda dirishani apate hewa. Nje, kwenye foleni, wanawake walikuwa wakivua mitandio yao mmoja mmoja, na wa mbele alikuwa amegeuka akimwonyesha wa nyuma yake: tumboni kwanza, kisha kwenye paji la uso.