Hodi Mlangoni Kwake

Siku ya kwanza aliporudi kutoka kazini, Hemedi alisimama mbele ya chumba alichopanga, ufunguo mkononi, akabisha hodi.

Ulimi ulimtangulia. Kwao hakuna aliyeingia ndani kimyakimya. Ulibisha hodi, ukaitikiwa karibu, ndipo ukavua viatu.

Mama Chausiku, mwenye nyumba, alikuwa uani akianua nguo. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mwanangu, unambishia hodi nani? Humo umo wewe tu."

"Nimejisahau, mama."

"Utazoea."

Chumba alikipendea jambo moja tu: king'ora cha kiwanda kilisikika kama kimo chini ya kitanda, na mgeni kazini hatakiwi kuchelewa. Akafungua, akaingia. Godoro lilikuwa bado limefungwa kamba. Akakaa juu ya sanduku lake la nguo, akautazama mlango. Hakuna aliyemuuliza kazi imekuwaje.

Alikaa hivyo mpaka kigiza kikaanza kuingia. Kisha akavaa viatu, akatoka, akaurudisha mlango. Alipohakikisha kwamba Mama Chausiku hayupo tena uani, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

"Karibu," ikaitika sauti nyembamba ya bibi kizee kutoka chumba cha jirani. "Pita, mwanangu, pita. Mlango sijaufunga tangu asubuhi."

Hemedi akabaki amesimama katikati ya milango miwili, kiatu kimoja ameshakivua.