Taa ya Samaki Wawili

Asubuhi ile Alima alikuwa anatoboa kifuu cha nazi kwa msumari wa moto, alipoona taa ya samaki wawili imehama tena. Jana aliiacha mezani. Leo iko dirishani kwa mkwewe, Nuria, imeelekezwa njiani.

Taa zake za vifuu zinapendwa kijiji kizima cha Quitunda. Hiyo ya samaki tu ndiyo asiyoiuza. Aliitengeneza kule kijiji cha zamani, kabla hawajahamishwa, mwanawe Anuar alipomwoa Nuria. Kisha vita ikaingia mjini Palma, Anuar akachukuliwa porini na waasi. Watu walimsomea hitma. Alima akakataa kula wali wa matanga. Kwake yeye, Nuria bado ni mke wa mtu.

"Taa yenu inawaka mpaka alfajiri," Rachida, jirani wa safu ya nyuma, alimwambia bombani. "Mkweo anasomea udaktari?"

Alima akamuuliza Nuria. Nuria akainamisha macho.

"Balbu ya LED hiyo, mama. Haili umeme."

"Sijauliza inakula nini. Nauliza inammulikia nani."

Nuria akasema tu kwamba nyumba za hapa zote zinafanana, hata yeye mwenyewe ashawahi kuingia kwa watu. Jibu gani hilo? Na simu kaificha kwenye kanga.

Alima akaelewa. Kuna mwanamume anakuja, na taa ndiyo inayomwonyesha nyumba.

Jioni akaibeba kimyakimya, akampa Rachida aiwashe dirishani kwake. Mumewe Rachida, Sualehe, akae ndani na rungu. Asimuue mtu. Amtie adabu tu, asikanyage tena nyumba ya Anuar.

Nuria aliambiwa taa imeuzwa. Akabadilika uso, akaingia chumbani na simu yake, wala hakula. Alima akajiambia, ndiyo hivyo.

Kulipokucha Rachida akaja anacheka. Jamaa kaja kweli, kakonda kama ufito. Sualehe kampiga rungu la mguu, katimka anachechemea kuelekea mashambani. Huyo harudi.

"Ila kitu kimoja sikukielewa, dada," Rachida akasema. "Aligonga dirisha polepole, wala hakumwita Nuria. Alisema, 'Mama, fungua, ni mie.'"

Msumari ukamdondoka Alima.

Nuria alikuwa bado amekaa dirishani, hajalala, macho kwenye simu. Alima akamnyang'anya. Ujumbe wa mwisho ulitumwa jana magharibi.

"Anuar, usije leo. Sijamwambia mtu, ulivyoniapisha, ila Mama kaiuza taa yetu."

Tiki moja tu. Haujamfikia.