Kibanio cha Nywele

"Mtu wa sala kama wewe, riwaya za mauaji za nini?" jirani aliwahi kuniuliza. Nikamjibu zinanifundisha kutazama.

Mwezi huu nimenunua mbili. Ya tatu aliniletea fundi saa anayetaka kunioa. Alisema mkewe alikufa zamani, na kitabu kakinunua juzi kwa ajili yangu. Nikamwomba Mungu anionyeshe.

Jana akaja kutaka jibu, akaanzia mbali. "Basi bibie, kitabu umekionaje?"

"Kinakimbia mpaka chai inapoa mkononi. Ila mwongo nilimjua mapema, fundi."

Nikamrudishia kitabu, na juu yake nikaweka kibanio cha nywele nilichokikuta katikati ya kurasa.

"Mpelekee mkeo. Aliishia ukurasa wa tisini."

Akavichukua vyote viwili, akatoka.